Ganda la Risasi Linapokuwa Hereni

Je, kitu kilichowahi kuwaumiza watu kinaweza kuwa pambo halali? Swali hili huenda likaonekana dogo mbele ya maswali ambayo sisi wanafunzi huyapenda, kama vile uhuru, haki na maana ya maisha. Hata hivyo, nadhani maswali makubwa hujificha ndani ya vitu vidogo. Hereni ni kitu kidogo, lakini anayeivaa anapita nayo mbele ya macho ya watu, na kila jicho lina kumbukumbu zake.

Nianze na kazi yenyewe. Hapa Kigobe, kaskazini mwa Bujumbura, mtaa unaojulikana kwa jengo la Bunge, wapo vijana wachache wanaotengeneza mapambo kwa vitu vilivyotupwa. Wanakusanya saa za mkono zilizokufa, funguo zisizo na kufuli, nati, springi, zipu, vifungo vya makoti ya mitumba, na nyaya za shaba zilizotoka katika mota zilizoungua. Vingi wanavipata Buyenzi kwa mafundi wa saa, redio na magari. Saa hufunguliwa kwa bisibisi nyembamba, magurudumu yake yenye meno yakasuguliwa kwa limau na chumvi mpaka yang'ae, kisha yakapangwa juu ya kipande cha shaba na kulehemiwa au kubandikwa kwa gundi. Kinachotoka hapo ni kidani, pete au kikuku chenye sura ya mashine ya zamani.

Ulaya na Marekani mtindo huu huitwa stimpanki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani K. W. Jeter, nusu kwa mzaha, ili kutaja hadithi zinazowaza dunia ambayo mvuke haukushindwa na petroli wala umeme. Baadaye jina likatoka vitabuni likaingia katika nguo na vidani. Wanaoupenda mtindo huu hupenda karne ya 19: boila, mabomba, saa za mnyororo, miwani ya marubani. Karne hiyo wao huiona kama wakati wa uvumbuzi. Sisi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika tunaikumbuka pia kwa mambo mengine, nami nitayarudia.

Swali langu halikutoka vitabuni. Rafiki yangu mmoja katika vijana hao aliletewa maganda sita ya risasi yaliyofukuliwa wakati watu wakichimba msingi wa nyumba. Aliyasafisha, akayakata kwa msumeno mdogo, akatundika gurudumu la saa ndani ya kila moja, akapata jozi tatu za hereni. Zilipendeza, na siwezi kusema vinginevyo. Siku ya pili, mama mmoja jirani aliziona masikioni mwa msichana akasimama. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, hayo yalipokuwa yakilia, mimi nilikuwa chini ya kitanda na watoto wangu. Leo unayatia sikioni?" Msichana alizivua, lakini hakuna aliyemjibu yule mama. Insha hii ni jaribio la kumjibu.

Kwa msomaji asiye Mrundi, yafaa kukumbusha kwa ufupi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka 10. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini kundi la mwisho kubwa la waasi liliweka silaha chini mwaka 2009. Kamenge, ambayo si mbali na Kigobe, ni miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Kwa hiyo ganda la risasi linalotoka katika udongo wa kaskazini mwa jiji hili si kitu cha makumbusho. Waliolisikia likianguka bado wanakwenda sokoni.

Hoja ya kwanza ya kumtetea rafiki yangu ni hii: kitu hakina dhambi. Ganda la risasi ni shaba ya manjano, yaani takriban asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Magurudumu ya saa nayo hutengenezwa kwa shaba ya manjano, na vilevile tarumbeta, mabomba ya maji na kufuli. Madini hayajui yalitumika wapi. Aliyeua ni mtu, na ganda lilibaki chini kama ngozi iliyovuliwa na nyoka. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Basi kwa nini tuwe na kinyongo na kipande cha madini?

Hoja hii ina nguvu, lakini ina tundu. Ikiwa ganda ni madini tu, kwa nini rafiki yangu hakulipondaponda likawa bamba? Angepata shaba ileile, na ingemrahisishia kazi. Hakufanya hivyo kwa sababu alichotaka ni umbo. Umbo la risasi ndilo linalomfanya mteja ageuke na kuuliza. Kwa maneno mengine, alikuwa akiuza historia ya kitu kile huku akisema kwamba kitu hakina historia. Mtu hawezi kushika ncha zote mbili. Ama ganda ni madini tu, na hapo umbo halina thamani, ama umbo lina thamani, na hapo ni lazima akubali pia uzito unaokuja nalo.

Tunaweza kulijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Siku hizi maduka ya vifaa vya mapambo huuza magurudumu ya saa yaliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya vidani tu, ambayo hayajawahi kuzungusha mshale hata mmoja. Tuseme yapo pia maganda ya risasi ya bandia, ambayo hayajawahi kuingia katika bunduki. Je, yule mama angetulia akiambiwa hivyo? Sidhani. Mwili wake ungeshtuka kwanza, na maelezo yangefika baadaye. Hii inaonyesha kwamba tatizo halimo katika madini, wala halimo hata katika jambo ambalo ganda lile mahususi lilifanya. Limo kati ya umbo na mtu anayeliona. Kiswahili chenyewe kinatukumbusha ugumu huu: neno risasi ni jina la madini laini anayoyajua fundi, na ni jina la kitu kinachotoka katika mtutu. Ni neno moja, lakini fundi na mkimbizi hawalisikii kwa sikio moja.

Hapa mtu anaweza kuniletea hoja ya pili, ambayo ni ya wanafalsafa. Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya uamuzi alichokitoa mwaka 1790, alitumia mfano wa jumba la kifalme. Alisema kwamba mtu akiulizwa kama jumba lile ni zuri, si jibu kulalamika kwamba wakubwa wamepoteza jasho la wananchi kwa vitu visivyo na haja. Lalamiko hilo linaweza kuwa la kweli, lakini swali lilihusu uzuri. Basi hereni ni nzuri au si nzuri. Habari za vita ni swali lingine.

Nakubali kwamba ni maswali mawili. Ndiyo maana nimesema hereni zilipendeza. Lakini jumba la kifalme limesimama mahali pake, na asiyetaka kulitazama anaweza kupita njia nyingine. Hereni inatembea. Inaingia katika daladala, msikitini, kanisani, katika foleni ya maji. Pambo ni aina ya usemi: halivaliwi gizani, huvaliwa ili wengine waone. Na kama ilivyo kwa usemi, neno linaweza kuwa tamu na bado lisifae kusemwa mbele ya mfiwa. Kant ananisaidia kuona kwamba uzuri upo, lakini hanipi ruhusa ya kuuvaa popote.

Je, tuseme basi kwamba kila kitu chenye historia ya maumivu kisiguswe? Tukisema hivyo tutavua kila kitu. Chukua kirezi, pambo jeupe la gamba la konokono wa baharini, ambalo wazee wetu walilivaa shingoni na ambalo bado ni neno la sifa. Wapo wasichana wanaoitwa Kirezi, na ipo methali isemayo kwamba aliyevaa kirezi hajui kuwa ni cheupe. Gamba hilo halitoki katika Ziwa Tanganyika. Lilitoka Bahari ya Hindi, likaja bara kwa miguu ya wachukuzi, kwa njia zilezile za misafara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1854, David Livingstone, akiwa mbali kusini magharibi mwa hapa, katika nchi ya Walunda, aliandika kwamba magamba mawili ya aina hiyo yaliweza kununua mtumwa, na matano yalihesabiwa kuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10. Ufukweni mtoto angeyaokota bure. Bara, mawili yalikuwa bei ya mtu.

Sijasikia mtu yeyote akimwambia bibi yake avue kirezi kwa sababu hiyo, wala mimi simwambii. Kwa nini basi kirezi kiruhusiwe na ganda likataliwe? Jibu la haraka ni kwamba kirezi ni cha kale. Lakini ukale si idadi ya miaka. Methali ya mavi ya kale haituambii ni ya lini ndipo yasinuke. Mimi naisoma hivi: jambo huwa la kale pale ambapo hakuna tena mtu anayeamshwa nalo usiku. Kirezi kimepita katika vizazi vingi vya harusi, sherehe na majina ya watoto, na maana hizo mpya zimejengwa juu yake polepole na watu wenyewe. Ganda la mwaka 1994 au 1995 halijajengewa kitu. Limetoka tu ardhini na kutiwa gurudumu.

Sasa nirudi kwenye mvuke, kwa sababu ziwa letu lina kisa kinachofaa kuliko vidani vyote vya stimpanki. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli iliyoitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuteremshwa ziwani mwaka 1915. Ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu 1901 hadi 1906, na ambaye chini yake Vita vya Maji Maji vilizimwa kwa ukatili na njaa. Ilikuwa meli ya mvuke na ilibeba mizinga. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuokotwa katika maji yetu. Na mwezi Mei 2015, Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, wakakwama kati ya mlima na ziwa, Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowavusha hadi Kigoma. Chuma kilichobeba jina la gavana wa Maji Maji kilibeba akina mama wa Kirundi na vikapu vyao. Hakuna aliyekataa kupanda kwa sababu ya historia ya meli ile, na angekataa tungemwona hana akili timamu.

Kisa hiki kinanifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba historia ya kitu haijafungwa. Kitu kinaweza kupewa maisha ya pili, na maisha hayo yakawa mema kuliko ya kwanza. Kwa hiyo wanaosema kwamba ganda la risasi limelaaniwa milele hawako sahihi. La pili ni kwamba Liemba haikusafishwa kwa kupakwa rangi tu. Ilibadilishwa jina, ikapewa kazi, ikabeba watu, dagaa na mahindi kwa miaka mingi. Ilipewa kazi mpya, wakati hereni imepewa sura mpya tu. Nadhani hapa ndipo ugumu wa pambo ulipo: pambo halina kazi nyingine ya kulitetea. Kazi yake yote ni maana. Kwa hiyo anayetengeneza pambo anawajibika kwa maana zaidi kuliko anayetengeneza jembe.

Msumbiji walilijua jambo hili. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilisha silaha kuwa majembe. Watu walileta bunduki zao wakapewa cherehani, baiskeli na zana za kilimo. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande vikapewa wasanii. Mwaka 2001 msanii aitwaye Kester alitengeneza kiti kizima kwa vipande vya bunduki, na kiti hicho kiko leo katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum. Kiti kile ni cha silaha, na umbo la silaha halikufichwa. Kwa nini hakinipi shida kama hereni? Kwa sababu walioleta zile bunduki walizileta kwa hiari yao, jamii ilijua kilichokuwa kikifanyika, na kila anayekitazama anaambiwa kwamba huu ni ushahidi. Kulikuwa na makubaliano kabla ya kuwa na uzuri. Ganda la Kigobe lilipita moja kwa moja kutoka shimoni hadi sikioni, na hakuna aliyeulizwa katikati.

Neno kuulizwa ndilo ninaloliona kuwa kiini. Tunapookota, huwa tunauliza kitu kimoja tu: je, kina mwenyewe? Sheria ya Kiislamu, inayojulikana vyema Buyenzi, humtaka aliyeokota kitu chenye thamani akitangaze kwa mwaka mzima kabla ya kukitumia, kwa sababu kukiona chini hakumaanishi kwamba mwenyewe amekiacha. Hata fundi wetu wa mapambo anajua kwamba waya wa shaba uliokatwa kwenye nguzo ya umeme si wa kuokota, hata ukiletwa kwa bei nafuu. Mimi naongeza kwamba kumbukumbu nayo ina wenyewe. Ganda halina mwenye mali, kwani hakuna atakayekuja kulidai, lakini lina wenye kumbukumbu, na hao hawajaiacha.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza. Vijana hawa wanatafuta riziki. Mgeni anayenunua hereni hununua na kisa, na kisa cha vita huuzika kuliko kisa cha zipu. Isitoshe, huenda fundi mwenyewe ni mtoto wa waliokimbia. Nani atamwambia kwamba hana haki ya kufanya kazi na maumivu ya nyumbani kwao? Nchini Ethiopia wapo wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi ambao hupata riziki kwa shanga zinazotokana na maganda ya risasi yaliyoyeyushwa. Sitathubutu kuwahukumu.

Nakubali hoja hii kwa sehemu. Aliyejeruhiwa ana haki ya kwanza juu ya kovu lake. Yule mama jirani angeamua mwenyewe kuvaa ganda, mimi ningenyamaza na kumheshimu. Lakini haki hiyo haiuziki kirahisi. Mgeni akiondoka na hereni, anaondoka na hofu ya mama ambaye hakupata hata faranga moja wala hakuombwa ruhusa. Na tuone pia kwamba wale wanawake wa Ethiopia huyayeyusha maganda yao. Shanga haina umbo la risasi tena. Kisa kinabaki kwa anayetaka kukisikia, na asiyetaka haambiwi kwa nguvu.

Wala riziki haihitaji risasi. Cyrus Kabiru wa Nairobi, aliyekulia karibu na jaa la Dandora, amejulikana duniani kwa miwani anayoitengeneza kwa nyaya, vizibo, vijiko na vipande vya mashine alivyookota. Miwani ile haijifanyi ya zamani na haijifanyi ya dhahabu. Inasema wazi imetoka jaani, na jaa hilo ni la watu wote waliolizunguka. Umaskini uliomo ndani yake ni wake na wa majirani zake, na hakuna mtu wa Dandora anayeshtuka akiona kizibo. Bujumbura nayo ina Buterere, ambako taka za jiji hutupwa, na ina mafundi saa ambao droo zao zimejaa magurudumu. Malighafi haitaisha.

Kwa hiyo namjibu yule mama hivi. Hereni zile hazikuwa na laana, na aliyezitengeneza hakukusudia ubaya. Lakini zilisema jambo kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wametoa ruhusa lisemwe, na zililisema kama mzaha mtamu. Fundi wa vitu vilivyotupwa anapaswa kujiuliza maswali matatu kabla ya kuwasha moto wa kulehemu: nani aliyekitupa kitu hiki, kilifanya kazi gani, na nani atakutana nacho njiani. Swali la kwanza linahusu mali, la pili linahusu ukweli, na la tatu linahusu ujirani. Kwa saa iliyokufa, majibu yote matatu ni mepesi. Kwa ganda la risasi, mjini kwetu, katika kizazi hiki, la tatu bado ni zito.

Nasema katika kizazi hiki kwa makusudi. Huenda wajukuu zetu watavaa maganda haya katika harusi kama sisi tunavyovaa kirezi, na hawatakuwa wamekosea. Lakini kama itafika siku hiyo, itafikishwa na wale waliokuwa chini ya vitanda, watakapoamua wenyewe, kwa muda wao. Kwa sasa maganda yaliyobaki yako ndani ya kopo, na rafiki yangu ameniambia kwamba akiyatumia atayaponda kwanza. Shaba yake ni nzuri, na inatosha majani mawili ya hereni kwa kila ganda.